Mzee hawezi tangu jana

Simu iliita kabla sijakaa vizuri kitini. Alikuwa mke wa mzee wetu wa masijala. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza habari za kazi, kisha akalifikia lile lililomfanya apige: "Mwanangu, mwambie mkubwa wenu mzee hawezi tangu jana. Akipata nafuu atakuja."

Nikampa pole, nikamwahidi kwamba ujumbe utafika. Na kweli ulifika. Balaa ni jinsi ulivyofika.

Nilikuwa na miezi michache tu katika ile ofisi. Kazi yangu ilikuwa kutafsiri nyaraka na kuandika barua za Kiingereza kwa niaba ya wenzangu, maana mkuu wetu alikuwa Mwingereza ambaye Kiswahili chake kiliishia kwenye salamu. Nami nilikuwa na maradhi ya vijana wanaotoka shule na Kiingereza cha kutosha kujisifia, ila hakitoshi kuwaokoa: neno jepesi niliona linanivunjia heshima. Neno "unable" nililijua tangu darasani, kila mtu alilijua, basi halikuwa na hadhi. "Sick" ndiyo kabisa, hilo nililiona la watoto. Isitoshe, yule mama hakusema mzee ni mgonjwa. Alisema hawezi. Mfasiri mwaminifu, nikajiambia, hufuata lililosemwa.

Nikafungua kamusi. Kwenye kutoweza nikakuta maneno yamepangwa foleni, yametenganishwa kwa mkato tu, kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja: unable, incapable, impotent, powerless. Ule mkato ndio ulioniponza. Niliusoma kama alama ya "ni sawasawa na". Nikachukua la pili, kwa sababu lilikuwa refu na lilijaa mdomoni, nikamwandikia mkuu kwa barua pepe: "I wish to inform you that our registry clerk has been incapable since yesterday."

Haikupita robo saa mkuu akasimama mlangoni kwangu.

"Tangu jana?" akauliza. "Na juzi alikuwaje?"

Nikamwambia juzi alikuwa mzima kabisa. Akaingia, akaurudisha mlango nyuma yake, akapunguza sauti: "Anakunywa?"

Sikuelewa swali limetoka wapi. Nimekuja kulielewa miaka baadaye. Kwa masikio ya Mwingereza, neno "incapable" likisimama peke yake, bila kutajwa kwamba mtu hawezi nini, linanuka kituo cha polisi. Kwao uko usemi wa siku nyingi, "drunk and incapable", wa mtu aliyekutwa hadharani amelewa kiasi cha kushindwa kujitunza mwenyewe. Ukitaja neno moja la jozi hiyo, la pili linajileta, kama vile ukisema "haba na haba" msikilizaji anamalizia kibaba mwenyewe. Mzee yule pombe hakuwahi kuionja maishani mwake. Nilipomweleza mkuu kwamba ni homa, alinitazama kidogo, akasema neno nililolitaka ni "unwell", akaenda zake. Nikadhani yamekwisha.

Kumbe barua pepe zote zilizomhusu mfanyakazi zilichapwa zikawekwa kwenye jalada lake. Na aliyekuwa na kazi ya kuziweka ni nani? Mzee wa masijala.

Siku ya nne alirudi. Alikuwa amekonda usoni, koti limemlegea mabegani. Nikapita kumpa pole, akaitika vizuri. Saa moja baadaye akaniita. Mezani alikuwa na lundo la karatasi za siku tatu, miwani imeshuka hadi ncha ya pua, na kidole chake cha shahada, chenye doa la wino lisilotoka tena, kimetulia chini ya neno moja.

"Mwanangu, hili umelitoa wapi?"

"Kwenye kamusi, mzee."

"Kamusi ilikuambia ndiye mimi?"

Nikajitetea kwamba mama alisema hawezi, nami nimeandika hawezi. Akaniacha nimalize. Kisha akasema, taratibu, bila hasira: "Nilikuwa siwezi. Lakini mimi si ajizi." Akaichukua ile karatasi, akaitoboa kwa mashine, akaiingiza kwenye jalada lake mwenyewe, mahali pake kwa tarehe. Nikamwomba aitoe. Akanijibu kwamba karatasi ya ofisi haitupwi, hata ikikutukana.

Nimeifikiria sentensi yake ile kuliko somo lolote nililofundishwa darasani. Katika Kiswahili cha wazee, "siwezi" haingoji kitenzi kingine. Ni kuumwa. Ni kinyume cha sijambo. Kijana wa leo akisikia "hawezi" anabaki anangoja: hawezi nini, kutembea, kulipa, kuimba? Mzee hangoji chochote, sentensi imekwisha. Na "incapable" nayo, ikiachwa peke yake, hujimaliza hivyo hivyo, ila inamalizikia kwingine. Maneno mawili yanayoweza kusimama bila mkongojo, moja linasema mtu ana homa, jingine linasema mtu hafai, na mimi katikati nimeyafunga kamba moja kwa sababu ya mkato.

Na hilo la "ajizi" nalo lina mkasa. Tumelipokea kutoka Kiarabu, na huko asili yake ni kutoweza, basi, kutoweza kwa mtu aliyeishiwa nguvu. Mzizi huo huo ndio uliotupa "ajuza", bibi kizee, na ndio uliotupa "muujiza", jambo linalowafanya watu wengine wote waonekane hawawezi kulitenda. Lakini lilipofika kwetu neno likageuka. Ajizi yetu ni uzembe, ni kulimatia, ni ile inayotajwa kuwa nyumba ya njaa. Yaani kutoweza kumegeuka kosa la mwenye kutoweza. Basi nisiwacheke Waingereza peke yao kwa kutia lawama ndani ya vivumishi vyao. Sisi tumefanya hayo hayo, tena kwa neno la kuazima.

Baada ya siku ile nilianza daftari. Halikuwa la maana za maneno, maana hizo zimo kamusini na zilishaniponza. Niliandika humo sentensi nzima nzima nilizokutana nazo, na pembeni jibu la swali moja tu: ni nini hasa kilichomzuia huyu mtu?

Jambo la kwanza daftari lilinifunulia lilikuwa la kisarufi, dogo, na nilikuwa nimelikosea mara nyingi bila mtu kuniambia. "Unable" hufuatwa na "to" na kitenzi kitupu: unable to attend. "Incapable" haitaki "to". Inataka "of", na kitenzi kije na -ing mkiani: incapable of attending. Nilikuwa nikiandika "incapable to" kila mahali, na nadhani walionisoma walikuwa wakinisamehe kimya kimya.

Lakini tazama sentensi hizo mbili, zote sasa zikiwa safi kisarufi. "She was unable to attend the meeting." Alishindwa kuhudhuria mkutano: labda homa, labda gari, labda mkutano mwingine saa ile ile. Hakuna anayemlaumu. "She was incapable of attending the meeting." Hapa msomaji anakunja uso. Kuna kitu ndani yake huyu mama, kitu cha maumbile au cha tabia, kinachomfanya asiwe mtu wa kuhudhuria mikutano. Ya kwanza inazungumzia siku ile, ya pili inamzungumzia mtu. Ndiyo maana "tangu jana" yangu ilimtatiza mkuu. Neno linalosema jinsi mtu alivyo nililifunga kwenye kalenda, kama mtu anayesema fulani ni mfupi tangu Jumanne.

Kuna na hili: "unable" haikai mbele ya jina. Hakuna anayesema leo "an unable manager". Lakini "an incapable manager" inasemwa, na ni tusi kamili. Neno ambalo haliwezi kumvaa mtu kama nguo halina namna ya kumtukana sana. Hili ni wazo langu tu, wanaisimu watalipima wenyewe.

Sisi mzigo huu tunaubebesha kitenzi na wakati wake. "Nimeshindwa kuja" inasikika kama mtu aliyejaribu. "Sikuweza kuja" ni ya adabu, haifichui mengi. "Haiwezekani" inamwondoa mtu kabisa, inalitupa jambo lenyewe mbele. Na tukitaka kusema kwamba tabia ya mtu haimruhusu, mara nyingi hatugusi kuweza hata kidogo: "Yule si mtu wa kuiba." Hiyo "si mtu wa" ndiyo "incapable of" niliyoikosa miaka mingi, nayo nilikuwa nayo mdomoni tangu utotoni.

Nilipogundua hilo, mlango mwingine ukafunguka. Nilikuwa nimeamini kwamba "incapable" ni neno la lawama tu. Kisha nikatafsiri barua ya kumpendekeza mtu kazini, na ndani yake mwandishi akasema juu ya msaidizi wake: "He is incapable of dishonesty." Nikaweka kalamu chini. Mtu anamsifu mwenzake kwa kutoweza! Rasimu yangu ya kwanza ilisema "hana uwezo wa kukosa uaminifu", sentensi ambayo ukiisoma kwa haraka unadhani kijana anahitaji mafunzo zaidi ya wizi. Nikaifuta. Nikaandika "hila si tabia yake", halafu hiyo nayo nikaiona imepoa, kwa sababu mwandishi alikuwa amekwenda mbali zaidi. Hakusema kijana anaikwepa hila. Alisema hila haina mahali pa kuingilia. Mwishowe nikaandika "hila haimo ndani yake". Nimeona baadaye kwamba Waingereza wanalipenda sana neno hili kwenye sifa za namna hiyo: incapable of malice, incapable of cruelty. Ukitia "unable" hapo sifa inaharibika papo hapo. "Unable to be cruel" ni kama mtu angependa kuwa katili lakini leo mkono unamuuma.

Nikataka kujua kwa nini neno moja libebe tusi na sifa. Nikafuata asili yake. "Capable" limetoka Kilatini, kwenye kitenzi "capere", kushika, kuchukua, kupokea ndani. Humo humo limetoka "capacity", ambalo Waingereza hulitumia kwa ujazo wa chombo. Kwa hiyo "incapable", kwa asili, ni kitu kisichochukua. Jambo halimo kwa sababu halikai.

Niliposoma hapo nilicheka peke yangu, maana sisi tunasema hivyo hivyo bila kuuliza Kilatini. Ukumbi unachukua watu mia mbili. Kichwa changu hakishiki hesabu. Na mtu asiyeweza kutunza siri tunasema hana kifua, yaani chombo ni kidogo, kilichomiminwa kimemwagika. "Able" nalo halina asili ya mbali. Limepita Kifaransa likitokea Kilatini "habilis", kitu kinachoshikika vizuri mkononi. Waingereza walilipachika "un-" yao wenyewe, lakini jina lake likabaki na "in-" ya Kilatini, na ndiyo maana mwanafunzi akiandika "unability" anasahihishwa kuwa "inability" na hakuna anayemweleza sababu. Sababu ni hiyo, kilemba kimoja ni cha kwao na kingine ni cha kuazima.

Lile neno la tatu kwenye foleni ya kamusi, "impotent", siku ile nililiruka kwa bahati tu. Ningeliandika juu ya mzee wetu, nadhani ningeacha kazi mwenyewe bila kufukuzwa. Leo Mwingereza akisikia "he is impotent" anafikiria chumba cha kulala kwanza, kisha mengine. Kijana mmoja aliwahi kuniletea barua ya kuomba kazi niipitie, nayo ilisema: "The policies of my former office left me impotent." Nikamwuliza kama yuko tayari kuulizwa swali la nyongeza mbele ya jopo. Hakuelewa, nikalazimika kumweleza, na sote wawili tukatazama dirishani kwa muda.

Lakini kijana hakulitoa neno hewani. Zamani lilikuwa la heshima zake. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1601 ya kuwasaidia maskini inawataja vilema, "impotent", wazee na vipofu wasioweza kufanya kazi, bila kejeli yoyote, kama sisi tunavyosema wasiojiweza. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inamtaja mtu wa Listra aliyekuwa "impotent in his feet". Biblia ya Kiswahili hapo inasema dhaifu wa miguu. Ni neno lililokuwa la mwili mzima, likabanwa na kubanwa hadi likabaki kwenye kiungo kimoja, na fedheha ikakaa humo. Madaktari wenyewe walilikimbia: mwaka 1992 kikao cha wataalamu kilichoitishwa na taasisi za taifa za afya za Marekani kilishauri liachwe, litumike jina linalotaja tatizo badala ya kumtaja mwanamume. Kwenye maandishi bado linaishi salama katika jozi chache, hasa "impotent rage", hasira ya mtu asiye na la kufanya. Nilipokutana nayo mara ya kwanza nilijaribu hasira za mkizi, lakini haikukaa. Mkizi angalau anaruka. Nikaandika "akabaki kutafuna hasira", na mpaka leo sijaona bora kuliko hiyo.

"Inept" nitalipita haraka, kwa sababu halina fumbo. Ni mtu ambaye mikono yake haikubali kazi, anagusa na kuharibu, na tena anaonekana akiharibu. Maana yake ya asili ni "asiyefaa", asiyeoana na kitu. Usiliandike kwenye tathmini ya mfanyakazi ukidhani unasema kwa upole kwamba hajazoea. Niliwahi kuzuiwa dakika ya mwisho.

"Incompetent" ndilo lililonikosesha usingizi zaidi, kwa sababu lina nyumba mbili na nyumba hizo hazizungumzi. Mtaani ni mtu asiyeijua kazi yake. Hospitalini, valvu ya moyo isiyofunga vizuri, damu ikarudi nyuma, huitwa "incompetent", na hakuna aliyeitukana. Nililetewa cheti cha daktari cha mama aliyekuwa amepoteza mimba, kimeandikwa "cervical incompetence". Mama mwenyewe alikuwa amekaa mbele yangu. Kiingereza kidogo alikijua, na hilo neno la pili alilijua vizuri, kwa sababu kazini kwao mtu aliwahi kuachishwa kwa hilo. Akaniuliza, macho chini: "Wanasema mimi sikuweza?"

Nilimwambia hapana. Nikamwambia kwamba madaktari wanasema shingo ya kizazi imelegea mapema, ikashindwa kubeba uzito. Akarudia: "Imelegea." Ndivyo, mama. Madaktari wanaozungumza Kiswahili husema hivyo hivyo, kulegea, kitenzi cha kamba na cha mlango, na kitenzi hicho hakimtaji mwenye mwili. Kiingereza chenyewe kimeanza kujirekebisha, siku hizi wengi huandika "insufficiency", upungufu. Lakini cheti chake kilikuwa kimeshaandikwa kwa la zamani, na nilijikuta nikifikiria jalada, na karatasi isiyotupwa.

Nisije nikaonekana nalisifia "unable" kana kwamba ni malaika. Lina ujanja wake. Niliwahi kuomba nafasi ya masomo, nikajibiwa kwa ile sentensi ambayo kila mwombaji ameisoma: "We regret that we are unable to offer you a place." Nilikuwa nimeshaijua daftarini. Unable ni mtu aliyezuiliwa na kitu cha nje. Nikajiuliza nani kawazuia. Wao ndio wenye nafasi, wao ndio wanaogawa, wao ndio wamekaa mezani wakachagua. Hapo "unable" limevaa nguo ya "hatutaki" na kufunga vifungo vyote. Si uongo hasa. Ni pazia, na kila mmoja anajua nyuma yake kuna nini. Sisi nasi tunalo, mtu akikuomba mkopo ukamjibu "ndugu yangu, siwezi" huku mfukoni ukijua kilichomo. Hakuna anayekuita mwongo, kwa sababu "sitaki" ingekuwa kofi. Nikitafsiri barua kama hizo sasa, naandika "hatukuweza kukupa nafasi" na kuliacha pazia lilipo. Mteja mmoja alinilaumu kwamba siweki ukweli wazi. Nilimwambia kazi yangu ni kupitisha sentensi upande wa pili ikiwa na nguo zake, zikiwemo zile za kujifichia.

Mzee wa masijala alistaafu mapema kuliko nilivyotarajia, na kabla hajaondoka alinikabidhi funguo za makabati. Nilitafuta jalada lake. Ile karatasi ilikuwa bado ipo, na pembezoni, kwa penseli, kwa mwandiko wake wa kusimama wima, alikuwa ameandika neno moja: "homa".

Si zamani sana nililetewa kazi na dada mmoja aliyefiwa na mama yake. Kaka yao, anayeishi mbali, alikuwa ameandika wasifu wa marehemu kwa Kiingereza, na ulitakiwa usomwe kwa Kiswahili mbele ya wazee. Kurasa mbili tu. Nilizimaliza kwa saa moja, isipokuwa sentensi moja iliyonikalisha jioni nzima: "She was incapable of holding a grudge."

Tazama ilivyokaa. Neno la kutoshika, na kando yake kitenzi cha kushika chenyewe. Niliandika "hakuwa na uwezo wa kuweka kinyongo", nikaona namzika mama wa watu kwa lugha ya ripoti. Nikaandika "hakuweza kuweka kinyongo". Hiyo ni fupi, ni safi, lakini ukiisikiliza vizuri ni kama alijaribu, akajitahidi, kikamshinda. "Hakujua kinyongo" ilikuwa nzuri, ila ilimfanya mtoto, na wasifu wote ulionyesha alikuwa mtu aliyeyaona mengi na kuyaelewa. Niliinuka, nikanawa uso, nikarudi. Chombo kisichochukua. Hana kifua. Kichwa hakishiki. Kinyongo kilimfikia, kama kinavyomfikia kila mtu, ila hakikupata pa kukaa.

Nikaandika: "Kinyongo hakikukaa kwake." Nikatuma.

Asubuhi dada akanijibu. Alikuwa ameisoma yote kwa sauti, peke yake chumbani, na alikuwa na badiliko moja tu. Hapo kwenye kinyongo, aliandika, nimefuta "kwake", nimeweka "kwa mama". Kwake ni mbali.